Kumsoma Plato kwa Kucheza: Mchezo wa Dhima na Ufundishaji wa Falsafa ya Kiyunani

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna falsafa ya Wayunani wa kale inavyoweza kufundishwa kupitia michezo. Inazingatia hasa mchezo wa dhima unaohusu jiji la Athens katika mwaka wa 403 K.K., ambao umetumiwa katika vyuo vya Marekani na kwingineko kufundishia Jamhuri ya Plato. Hoja ya msingi ni kwamba mchezo wa aina hii si pambo la kumchangamsha mwanafunzi aliyechoka. Ni njia ya kuirejeshea falsafa hiyo umbo lake la asili, yaani majibizano baina ya watu wenye jambo la kupoteza. Makala inajadili pia pingamizi la Plato mwenyewe dhidi ya vijana wanaoufanya mjadala kuwa mchezo. Hatimaye inapendekeza zoezi linaloweza kutumiwa katika darasa la nadharia ya fasihi ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hukutana na Plato mapema katika kozi ya nadharia na uhakiki, na kwa kawaida mkutano huo huwa mfupi. Huambiwa kwamba Plato aliwafukuza washairi kutoka katika dola yake, kwamba aliiona sanaa kuwa uigaji wa kitu ambacho chenyewe ni kivuli cha kitu kingine, na kwamba Aristotle, aliyekuwa mwanafunzi wake, aliitetea sanaa kwa dhana ya utakaso wa hisia. Mambo hayo matatu huandikwa daftarini, hukaririwa, kisha hurudishwa katika karatasi ya mtihani yakiwa vile vile yalivyotolewa. Baada ya hapo Plato huwekwa kando, na mhadhara husonga mbele hadi kwenye urasimi, umuundo na nadharia nyinginezo.

Mambo hayo matatu si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba yamegeuzwa kuwa majibu yaliyotengwa na maswali yake. Ikumbukwe kwamba karibu kazi zote za Plato zilizosalia zimeandikwa kwa umbo la majibizano. Isipokuwa Utetezi, ambao kwa sehemu kubwa ni hotuba ya mahakamani, na barua kadhaa ambazo uhalisi wake unabishaniwa, Plato huwapa wengine nafasi ya kusema. Katika majibizano hayo yeye mwenyewe hasemi hata mara moja. Huzungumza Socrates, huzungumza Wasofisti, majenerali, vijana wa jamaa tajiri na wageni kutoka miji mingine. Hivyo basi, mwanafunzi anapoandika kwamba "Plato anasema", tayari ameruka hatua moja muhimu, nayo ni kuuliza ni nani aliyesema, alikuwa akimjibu nani, na kwa nini jambo hilo lilisemwa wakati ule.

Swali linaloongoza makala hii ni hili: ikiwa falsafa hiyo ilizaliwa katika kuulizana na kujibizana, je, inaweza kufundishwa kwa kuulizana na kujibizana badala ya kukaririwa? Na ikiwezekana, je, ni hatari gani inayoandamana na njia hiyo?

2.0 Mchezo Ndani ya Falsafa Yenyewe

Kabla ya kuutazama mchezo wa kisasa, ni muhimu kuonyesha kwamba Wayunani wenyewe walikuwa na mchezo wa hoja uliokuwa na kanuni zake. Ushahidi mzuri unapatikana katika kitabu cha nane cha Topika, kazi ya Aristotle. Humo anaeleza zoezi linalohitaji watu wawili, muulizaji na mjibuji. Mjibuji hushika kauli fulani na kuahidi kuitetea. Muulizaji hana ruhusa ya kuhutubu; silaha yake pekee ni maswali yanayoweza kujibiwa kwa "ndiyo" au "la". Kazi yake ni kumwongoza mjibuji, swali baada ya swali, hadi akubali jambo linalopingana na kauli aliyoishika mwanzoni. Kazi ya mjibuji ni kukwepa mtego huo bila kukana jambo lililo bayana.

Aristotle anatoa hata mbinu za uchezaji. Humshauri muulizaji aifiche shabaha yake, asiulize jambo kuu moja kwa moja, bali alifikie kwa njia ya mzunguko ili mjibuji asitambue mapema anakoelekezwa. Wakati huo huo, anatofautisha wale wanaojibizana kwa ajili ya mazoezi na kupima hoja na wale wanaojibizana kwa ugomvi tu. Kwa maoni yake, mazoezi ni kazi ya pamoja, na anayeizuia kazi hiyo isifanikiwe, awe muulizaji au mjibuji, ni mshirika mbaya.

Namna mchezo huo unavyofanya kazi inadhihirika katika majibizano ya Plato yaitwayo Laches. Majenerali wawili wa Athens, Laches na Nicias, wanaulizwa ujasiri ni nini. Laches analiona swali kuwa jepesi. Anajibu kwamba jasiri ni yule anayesimama imara katika safu yake akapigana na adui bila kukimbia. Socrates hampingi kwa hotuba. Anamuuliza kuhusu Waskithi, ambao hupigana wakirudi nyuma kwa farasi, na kuhusu wapiganaji wa Sparta ambao huko Plataea waliiacha safu yao kwanza kisha wakageuka na kushinda. Laches analazimika kukubali kwamba hao nao ni majasiri, na jibu lake linaporomoka. Anajaribu tena, na tena jibu linaanguka. Nicias naye anapochukua zamu hafiki mbali. Majibizano yanakwisha bila fasili ya ujasiri kupatikana.

Msomaji wa Kiswahili ataona hapa jambo linalofanana na kitendawili, na pia linalotofautiana nacho. Kitendawili kina kanuni zake: mmoja hutega, mwingine hutegua, na anayeshindwa hutoa mji. Hata hivyo, mtegaji huwa na jibu tangu mwanzo. Kwa Socrates hali ni kinyume. Anayeuliza hudai kwamba hana jibu, na anayeulizwa ndiye aliyeamini kwamba analo. Mji unaotolewa katika mchezo huu ni ile imani ya mtu kwamba anajua. Kwa jenerali aliyezeeka vitani, kugundua mbele ya watu kwamba hawezi kueleza ujasiri ni nini si hasara ndogo.

3.0 Athens ya Mwaka wa 403 K.K. Darasani

Katika muongo wa 1990, Mark Carnes, profesa wa historia katika Barnard College jijini New York, alianzisha mbinu ya kufundisha kwa michezo mirefu ya dhima. Mbinu hiyo ilikuja kujulikana kwa jina la Reacting to the Past, na Carnes aliieleza kwa mapana katika kitabu chake Minds on Fire kilichochapishwa mwaka wa 2014. Mojawapo ya michezo ya mwanzo na iliyoenea sana ni ule unaohusu Athens ya mwaka wa 403 K.K., ambao miongoni mwa waandishi wake ni Carnes mwenyewe na Josiah Ober, mtaalamu wa historia ya demokrasia ya Athens.

Ili kuuelewa mchezo huo, ni sharti mazingira yake ya kihistoria yafahamike. Mwaka wa 404 K.K., baada ya vita vilivyoanza mwaka wa 431 K.K., Athens ilisalimu amri kwa Sparta. Kuta zake zilibomolewa na demokrasia ikaondolewa. Mamlaka yakawekwa mikononi mwa watu thelathini ambao historia inawakumbuka kama madikteta. Katika muda mfupi wa utawala wao, waliwaua raia wasiopungua 1,500 kwa mujibu wa maandishi ya kale kuhusu katiba ya Athens yanayohusishwa na Aristotle. Kiongozi mkali zaidi miongoni mwao alikuwa Critias, mtu wa ukoo wa Plato kwa upande wa mama, na ambaye zamani alikuwa akiandamana na Socrates. Wapenda demokrasia waliokimbilia uhamishoni walirejea wakiongozwa na Thrasybulus, wakaishika bandari ya Piraeus, na Critias akauawa katika mapigano. Mwaka wa 403 K.K. demokrasia ilirejeshwa.

Mchezo unaanzia hapo. Darasa linageuka kuwa Baraza la Wananchi wa Athens, na kila mwanafunzi hupewa karatasi inayoeleza yeye ni nani, anaamini nini na ni lazima atimize lipi ili ashinde. Baadhi ni wafuasi wa Thrasybulus wanaotaka demokrasia pana iwezekanavyo. Wengine ni wanademokrasia wa wastani wanaoitazama enzi ya Pericles kama kielelezo. Lipo kundi linalopendelea utawala wa wachache wenye mali na nasaba, na lipo kundi la wafuasi wa Socrates wanaoamini kwamba kutawala ni ujuzi kama udaktari au unahodha, na hivyo si kila mtu astahili kupiga kura. Waliobaki hawana upande. Hawa ndio watakaoamua matokeo, na ndio ambao kila kundi linalazimika kuwashawishi.

Masuala yanayojadiliwa ni mazito. Je, waliowasaidia madikteta washtakiwe au wasamehewe? Je, watumwa na wageni wakaazi waliopigania demokrasia wapewe uraia? Je, maskini walipwe ili waweze kuacha kazi zao na kuhudhuria Baraza? Je, viongozi wachaguliwe kwa kura, kwa bahati nasibu au kwa elimu yao? Na je, Socrates ashtakiwe? Historia inaiweka kesi ya Socrates mwaka wa 399 K.K., lakini mchezo unaisogeza karibu na mapatano hayo ili uhusiano wake na machungu ya vita uonekane. Mwalimu huketi nyuma ya darasa. Hasemi ila kwa nadra, na matokeo hayajapangwa. Socrates anaweza kuachiliwa huru.

Katika mchezo huu, Jamhuri ya Plato haisomwi kama kitabu cha kukaririwa. Wafuasi wa Socrates huisoma ili wapate hoja za kutetea pendekezo lao. Wapinzani wao huisoma kwa makini zaidi, kwa kuwa hakuna awezaye kuibomoa hoja asiyoielewa. Mfano wa nahodha na mabaharia waasi, ambao kwa msomaji wa kawaida ni tashbihi nzuri tu, unakuwa jambo la kujibiwa papo hapo: ikiwa merihaiendeshwi kwa kura za mabaharia, kwa nini jiji liendeshwe hivyo? Mwanafunzi anayeigiza mpenda demokrasia ni lazima aeleze ni wapi jiji linapotofautiana na merikebu. Pengine atasema kwamba abiria wa merikebu wanajua bandari wanayoiendea, ilhali raia wa jiji wanabishana kuhusu bandari yenyewe. Akifika hapo, ameanza kufalsafa.

Suala la msamaha linastahili kutazamwa peke yake. Katika mapatano ya mwaka wa 403 K.K., raia wa Athens waliapa kwamba hawatayakumbuka mabaya yaliyopita. Walioachwa nje ya msamaha ni wale Thelathini na maofisa wachache waliokuwa karibu nao, na hata hao waliruhusiwa kubaki iwapo wangekubali kuchunguzwa kwa matendo yao. Kiapo hicho kiliinusuru Athens na mfululizo wa visasi. Hata hivyo, kilikuwa na gharama. Maandishi yale yale ya kale yanasimulia kwamba raia mmoja alipoanza kuyafufua makosa ya zamani, mwanasiasa Archinus alilishawishi baraza dogo la mia tano limwue bila kesi ili awe funzo kwa wengine. Kwa maneno mengine, amani ya kutokumbuka ililindwa kwa umwagaji wa damu. Archinus huyo huyo ndiye aliyelizuia kwa njia ya sheria pendekezo la Thrasybulus la kuwapa uraia wote waliorejea pamoja naye kutoka Piraeus, wakiwemo baadhi ya waliokuwa watumwa.

Kwa msomaji Mkenya, mjadala huo si hadithi ya mbali. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya iliunda Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano kwa sheria ya mwaka wa 2008, na ripoti ya tume hiyo ikawasilishwa mwaka wa 2013. Msingi wa tume ulikuwa kinyume cha kiapo cha Athens: kwamba maridhiano hupitia katika kukumbuka na kusema, wala si katika kunyamaza. Darasa la Nairobi, Eldoret au Mombasa likiuchukua mchezo huu, litakuwa na wanafunzi ambao jamaa zao wameliishi swali hilo. Hawatahitaji kuelezwa kwa nini lina uzito. Watakachohitaji ni fursa ya kulijadili wakiwa wamevaa jina la mtu mwingine, na huenda vazi hilo ndilo litakalowawezesha kusikilizana.

4.0 Pingamizi la Plato

Makala inayousifu mchezo bila kumsikiliza Plato mwenyewe kuuhusu ingekuwa imepungukiwa. Plato ana kauli mbili kuhusu mchezo, na kwa mtazamo wa kwanza zinapingana.

Kauli ya kwanza inaunga mkono. Katika kitabu cha saba cha Jamhuri, Socrates anasema kwamba mtu huru hapaswi kujifunza jambo lolote kitumwa. Mwili ukifanyishwa kazi kwa nguvu haudhuriki, lakini elimu inayosukumwa rohoni kwa nguvu haidumu. Kwa sababu hiyo, watoto wafunzwe kwa michezo, na humo mwalimu ataweza kuona kila mmoja ana kipawa gani. Katika Sheria, kazi aliyoiandika uzeeni, wazo hilo linarudi: anayetarajiwa kuwa mjenzi mzuri aanze kwa kucheza akijenga vijumba utotoni.

Kauli ya pili inatahadharisha. Kurasa chache baadaye katika kitabu hicho hicho cha saba, Socrates anasema kwamba vijana wasionjeshwe ubishi wa kifalsafa mapema. Wakiuonja, huutumia kama mchezo. Huwaiga wale waliowashinda kwa hoja, nao huwashinda wengine, wakifurahi kama watoto wa mbwa wanaomrarua kwa maneno kila anayewakaribia. Wakishashinda na kushindwa mara nyingi, huishia kutoamini lolote waliloliamini awali, na falsafa yenyewe huingia katika aibu mbele ya umma.

Onyo hilo halikutoka hewani. Katika Utetezi, Socrates anawaeleza waamuzi kwamba vijana wenye nafasi walimfuata kwa kupenda kwao, wakafurahia kuwasikia watu wakihojiwa, kisha wakaanza kumwiga kwa kuwahoji wengine. Waliohojiwa hawakujikasirikia wenyewe; walimkasirikia Socrates. Vile vile, anaitaja tamthilia ya kuchekesha ya Aristophanes, yaani Mawingu iliyoonyeshwa mwaka wa 423 K.K., ambamo Socrates anachorwa akining'inia hewani na shule yake ikifundisha namna ya kuifanya hoja dhaifu ionekane kuwa yenye nguvu. Watazamaji walicheka. Miaka ishirini na minne baadaye, picha hiyo ya mchezoni ilikuwa bado vichwani mwa waliomhukumu kifo. Plato aliijua hatari ya mchezo kwa sababu aliiona ikimuua mwalimu wake.

Pingamizi hilo linaugusa mchezo wa Athens moja kwa moja. Mchezo una washindi. Mwanafunzi aliyepewa shabaha atajaribu kuifikia, na si lazima aifikie kwa kweli. Anaweza kujifunza kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa, kufanya mapatano ya kichinichini na kuitupa hoja nzuri kwa sababu si ya kundi lake. Huo ni Usofisti, yaani kile kile ambacho Plato alitumia maisha yake kukipinga.

Pingamizi hili haliwezi kupuuzwa, lakini linajibika kwa mambo mawili. La kwanza ni kikao cha baada ya mchezo, ambacho waandaaji wa michezo hii hukipa umuhimu mkubwa. Humo wanafunzi huvua dhima zao, huelezwa ni lipi lililotukia kihistoria na ni lipi lililobuniwa, na huulizwa ni hoja gani waliyoitetea bila kuiamini na ni ipi waliyoipinga huku moyoni wakiiona kuwa ya kweli. Mchezo usio na kikao hiki ni kesi isiyo na hukumu. La pili ni kwamba Plato mwenyewe hakukwepa hatari hiyo. Ili kuupinga Usofisti, alimwandikia Thrasymachus maneno makali yanayodai kwamba haki ni maslahi ya mwenye nguvu, na akayaandika kwa ustadi kiasi kwamba wasomaji hadi leo hushawishika nayo. Mwandishi wa majibizano hulazimika kuicheza dhima ya adui yake. Anayekataa kuicheza hawezi kumjibu.

Zaidi ya hayo, mchezo una upungufu unaotokana na historia. Wanawake, watumwa na wageni hawakuwa na sauti katika Baraza la Athens. Mwanafunzi wa kike anayecheza dhima ya raia wa Athens huzungumza kutoka katika kiti ambacho asingeruhusiwa kukikalia. Jambo hilo lisifichwe. Likisemwa wazi, linakuwa sehemu ya somo, kwa kuwa linamfanya kila mchezaji ajiulize ni nani asiyekuwemo barazani na kwa nini.

5.0 Somo kwa Darasa la Kiswahili

Fasihi ya Kiswahili si ngeni kwa majibizano. Malumbano ya washairi ni ya tangu jadi, na ngonjera ni utanzu unaotegemea sauti zinazopingana. Mathias Mnyampala, aliyeueneza utanzu huo kupitia Ngonjera za UKUTA, aliutumia kuwafundisha wananchi mambo ya siasa na maisha. Tofauti yake na mchezo unaojadiliwa hapa ni kwamba katika ngonjera ya kufunza, mshindi hujulikana kabla ya ubeti wa kwanza kukaririwa. Asiyejua huelimishwa na anayejua hadi wakubaliane. Katika mchezo wa Athens hakuna ajuaye mwisho. Hivyo, darasa la Kiswahili lina utamaduni wa sauti mbili. Kinachohitajika ni kuuachia uwezekano wa sauti yoyote kushinda.

Zoezi linalopendekezwa linatokana na Plato mwenyewe. Katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, baada ya kuufukuza ushairi, Socrates anaacha mlango wazi. Anasema kwamba ushairi uruhusiwe kurudi iwapo utajitetea, kwa wimbo au kwa bahari nyingineyo. Watetezi wake wasio washairi nao waruhusiwe kusema kwa nathari, waonyeshe kwamba ushairi haupendezi tu, bali pia una manufaa kwa dola na kwa maisha ya binadamu. Mwanafunzi anayeandika mtihanini kwamba Plato aliwafukuza washairi kwa kawaida hajaambiwa kwamba kesi hiyo haikufungwa.

Darasa linaweza kuifungua tena kwa utaratibu ufuatao:

(a) Kundi la washtaki lisome kitabu cha pili, cha tatu na cha kumi cha Jamhuri, na litayarishe mashtaka: kwamba ushairi unasema uongo kuhusu miungu, kwamba unaiga usichokijua, na kwamba unazilisha hisia zinazopaswa kudhibitiwa.

(b) Kundi la washairi litayarishe utetezi kwa tungo zenye vina na mizani, kwa kuwa hayo ndiyo masharti ya Plato.

(c) Kundi la watetezi wa nathari lisome Poetiki ya Aristotle, hasa hoja kwamba ushairi hueleza yanayoweza kutukia wala si yaliyotukia tu, na kwa hiyo unakaribia falsafa kuliko historia.

(d) Waamuzi wasio na upande waulize maswali, wapige kura na waeleze kwa maandishi hoja iliyowashawishi.

(e) Kikao cha mwisho kifanywe dhima zikiwa zimevuliwa.

Darasa likiwa kubwa, ligawanywe katika mabaraza kadhaa yanayosikiliza kesi ile ile, kisha hukumu zilinganishwe.

Faida mojawapo ya zoezi hili inahusu lugha. Wanafunzi wengi humsoma Plato kwa tafsiri za Kiingereza, kisha hutafuta neno la Kiswahili la kubandika. Mchezoni, neno linakuwa sehemu ya kesi. Dhana kuu ya mashtaka hutafsiriwa kwa kawaida kuwa "uigaji". Lakini uigaji katika Kiswahili una sauti ya kufuatisha, na hata ya kukosa uasilia. Watetezi wakilikubali neno hilo bila kulihoji, tayari wamewapa washtaki nusu ya ushindi. Wakisisitiza kwamba Aristotle alikusudia jambo lililo karibu zaidi na "uwakilishi" au "uumbaji upya", ni lazima walithibitishe kwa matini.

Jina la kitabu chenyewe linazua tatizo lilo hilo. Kwa Mswahili, jamhuri ni nchi isiyo na mfalme, ilhali jiji linaloelezwa na Plato linatawaliwa na wafalme wanafalsafa. Neno la Kiyunani linahusu utaratibu wa jumla wa dola na maisha ya raia wake. Hali kadhalika, neno "haki" katika Kiswahili hubeba maana ya kile anachostahili mtu kudai, lakini haki inayotafutwa katika kitabu hicho ni hali ya nafsi na ya jiji, ambayo pengine "uadilifu" ungeikaribia zaidi. Istilahi zinazobishaniwa kwa namna hii hukaa akilini kuliko zinazonakiliwa kutoka ubaoni.

6.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba mchezo si kitu kilichopachikwa juu ya falsafa ya Kiyunani kutoka nje. Topika inatoa kanuni za mchezo wa hoja, Laches inauonyesha ukichezwa, na mchezo wa Athens ya 403 K.K. unairejesha Jamhuri katika baraza la watu waliotoka vitani, ambako kila hoja ilikuwa na majeruhi wake. Imeonyeshwa pia kwamba onyo la Plato ni la haki: mchezo usiofuatwa na tafakuri hulea wabishi wasioamini kitu.

Kwa mwalimu wa nadharia ya fasihi ya Kiswahili, njia hii inadai muda, matayarisho na ujasiri wa kuketi nyuma ya darasa bila kutoa jibu. Wapo watakaosema kwamba silabasi haina nafasi hiyo. Ni kweli kwamba kuyakariri mambo matatu kuhusu Plato huchukua dakika kumi, na kesi ya washairi huchukua majuma. Lakini Plato aliwaachia watetezi wa ushairi ruhusa ya kuja kujibu, na wasomi wa fasihi ya Kiswahili ni miongoni mwa warithi wa ruhusa hiyo. Itakuwa ajabu wao wakiwa ndio wanaojua kwamba kesi ipo, na bado wasifike mahakamani.